Ofisi Inayokufukuza Haiwezi Kukusikiliza

Januari 9, 2025, Jaji Lawrence Mugambi wa Mahakama Kuu ya Kenya alitamka kwamba kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu ya nchi hiyo kinapingana na Katiba. Ni kifungu kilichomfanya mtu aliyejaribu kujiua kuwa mkosaji anayeweza kufungwa hadi miaka miwili. Kesi ilifunguliwa na tume ya haki za binadamu ya Kenya pamoja na chama cha madaktari bingwa wa magonjwa ya akili. Huku kwetu Tanzania habari ile ilipokelewa kwa namna mbili, na zote mbili ziliniacha mdomo wazi. Kundi la kwanza lilisema Wakenya wameruhusu watu wajiue. La pili, lenye huruma kidogo, lilisema huo ni ushahidi kwamba vijana wa siku hizi wamelegea, hasa wa vyuo, ndiyo maana kila kukicha tunasikia wanataka wanasihi, yaani watoa ushauri nasaha, wanataka vikao, wanataka chumba cha kwenda kulia. Ninavyoona mimi, wote waliruka kiini cha jambo. Hukumu ile ilihusu kusema: kwamba mtu aweze kufungua mdomo akaeleza alichojaribu kujitendea bila maneno yake kugeuka ushahidi wa kumtia ndani. Hapo ndipo unasihi wa vyuo vyetu ulipokwama. Tunabishana kama wanafunzi wanaoutafuta ni wengi mno, au kama wanasihi ni wachache mno, na hakuna anayeuliza mnasihi anaripoti kwa nani. Kijana anaelekezwa akafungue moyo kwenye mlango uleule unaotoka barua za onyo na za kusimamishwa masomo. Kabla ya kuhesabu wanasihi, tuutazame mlango huo.

Jina lenyewe linatuponza. Yule ambaye kwingineko huitwa dean, yaani mkuu, wa wanafunzi, sisi tunamwita Mshauri wa Wanafunzi. Ni jina zuri, linanukia busara ya mzee chini ya mwembe. Lakini fungua mlango wake uone kazi zake: vyumba vya hosteli, uchaguzi wa serikali ya wanafunzi, majina ya wanaodaiwa, malalamiko ya bumu (fedha ya mkopo ya kujikimu) lililochelewa, kesi za kupigana, za simu zilizoibwa, za mimba, za migomo. Katikati ya mzigo huo umo unasihi, mara nyingi kwa mtu mmoja au wawili walio chini yake, katika korido moja naye. Sisemi watu hawa ni wabaya. Nimewajua baadhi yao waliotoa nauli mfukoni mwao kumrudisha mtoto wa watu nyumbani. Ila mtu mmoja hawezi asubuhi akawa shahidi mbele ya kamati ya nidhamu, na mchana akamwambia mtuhumiwa yuleyule, "Niambie tu, mwanangu, hapa ni siri."

Niliwahi kukaa kwenye benchi la nje ya ofisi ya namna hiyo. Nilikuwa mwaka wa pili, nimemsindikiza mwenzangu wa chumba ambaye wiki ya tatu hakuwa akienda vipindi, halali, na chakula anakiangalia tu. Kulia kwetu walikaa vijana wawili wanaosubiri kesi ya ugomvi wa hosteli. Katibu muhtasi akainua uso, akauliza kwa sauti iliyofika mwisho wa korido: "Nyie wa kesi au wa mkopo?" Mwenzangu akajibu wa mkopo. Hatukuwa na shida yoyote ya mkopo. Tukasaini daftari, tukaondoka kabla hatujaitwa.

Jambo la kushangaza ni kwamba nchi hii ilishawahi kulijua somo la siri, na ilijifunza kwa gharama kubwa. Neno "ushauri nasaha" halikuenea midomoni mwa Watanzania kupitia vyuo. Liliingia na Ukimwi, pale vilipofunguliwa vituo vya upimaji wa hiari, na wengi wa rika langu wanaikumbuka nembo ya Angaza ya miaka ya 2000. Kuna sababu iliyomfanya mtu aliyeogopa jina la ugonjwa ule kuliko anavyoogopa kifo akubali kuingia mle. Alipewa namba badala ya jina. Chumba kilikuwa na mlango unaofungwa. Aliyemshauri hakuwa bosi wake, wala mwalimu wake, wala balozi wa nyumba kumi. Waliovipanga vituo vile walielewa kwamba siri haijengwi kwa mnasihi kuahidi kuwa hatasema. Inajengwa kwa kupanga chumba, karatasi na madaraka hivi kwamba hata akitaka kusema, hana wa kumwambia. Tukalichukua jina la ushauri nasaha tukalipeleka vyuoni, mpangilio wake tukauacha kliniki.

Sasa niwageukie wanaosema hiki ni kizazi laini, kwa sababu hoja yao ndiyo inayosikika zaidi na ndiyo dhaifu kuliko zote. Inasema hivi: sonona, yaani huzuni nzito isiyoisha, na wasiwasi ni magonjwa ya Wazungu, Mwafrika hana muda wa kuumwa mawazo, sisi tulisoma kwa kibatari na hatukumwona mnasihi yeyote. Anayesema hivyo hudhani anatetea mila. Kwa kweli anamnukuu, bila kujua, daktari wa kikoloni. J. C. Carothers aliongoza hospitali ya Mathari jijini Nairobi kuanzia 1938 hadi 1950, tena alikabidhiwa kabla hajasomea magonjwa ya akili. Mwaka 1953 aliliandikia Shirika la Afya Duniani maelezo marefu kuhusu akili ya Mwafrika, akadai kwamba sonona ni nadra kwetu, na sababu aliyoitoa haikuwa ya kutusifu: eti hatuna ule uzito wa kujihisi wenye hatia na wajibu ambao humfanya mtu mzima aumie rohoni. Miaka miwili kabla ya hapo alifika mahali pa kumlinganisha Mwafrika na Mzungu aliyekatwa sehemu ya mbele ya ubongo. Mtu huyuhuyu ndiye aliyetumiwa na serikali ya kikoloni kueleza kwamba Mau Mau ni tatizo la akili na si la ardhi. Kwa hiyo mjomba anaposema kikaoni kwamba "sisi Waafrika hatuna hayo", ajue maneno hayo aliyaazima wapi.

Na ushahidi wa kumpinga Carothers ulitoka kwa wanafunzi wenyewe, zamani kabla ya intaneti na kabla ya kizazi hiki kuzaliwa. Mwaka 1960 daktari Raymond Prince aliyefanya kazi Nigeria alieleza hali aliyoikuta kwa wanafunzi wa huko: kichwa kuwaka moto, kuhisi kama wadudu wanatambaa ndani ya fuvu, macho kuona ukungu, mtu anasoma ukurasa mzima na hakishiki hata kimoja. Wanafunzi walikuwa na jina lao kwa hali hiyo, wakisema ubongo umechoka. Wataalamu wamebishana kwa miongo kadhaa kama huo ni ugonjwa wa peke yake au ni wasiwasi na sonona vilivyovaa nguo za kwetu, na mabishano hayo hayatuhusu sana hapa. Linalotuhusu ni kwamba kijana wa Kiafrika aliyebeba matumaini ya ukoo mzima kwenye mtihani mmoja alikuwa akiumwa hivyo miaka 60 na zaidi iliyopita. Kiswahili chetu nacho kinajua. Tukisema fulani "ana mawazo", hakuna anayedhani tunamsifia kwa kufikiri.

Tena kila kizazi cha wanachuo kimeitwa laini na kizazi kilichotangulia. Oktoba 1966 wanafunzi wa Dar es Salaam waliandamana hadi Ikulu kupinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa, na Mwalimu Nyerere akawarudisha makwao zaidi ya 300. Wakati ule wao ndio walioonekana watoto waliodekezwa. Leo wazee wa rika hilo ndio wanaotajwa kama kipimo cha ugumu. Sitaki kuwapunguzia heshima yao, lakini kipimo ni kibovu kwa sababu mazingira si yale. Waliosoma Mlimani miaka ya mwanzo walikuwa wachache, wakila kwenye bwalo kwa gharama ya serikali, na kazi ikiwasubiri kabla hawajavua joho. Aliyeingia kidato cha kwanza mwaka 2016, mwaka ambao ada ya sekondari za serikali ilifutwa, amefika chuo akiwa mmoja wa umati, wengi wao wakiwa wa kwanza katika ukoo wao kufika hapo. Anaishi kwa shilingi 10,000 za Bodi ya Mikopo kwa siku kama amebahatika kupata mkopo. Anajua kwamba GPA, wastani wake wa alama, ikishuka chini ya kiwango anadisko, yaani anaondolewa chuo, na kudisko hakumaanishi kurudi nyumbani tu; anarudi na deni. Na akifaulu, ajira hakuna aliyemwekea. Ukiyaweka hayo mezani, cha kushangaza ni kwamba wanaoomba msaada ni wachache hivyo.

Ipo hoja nyingine ya upinzani, na hii naiheshimu. Inatoka kwa watu wa mrengo wa kushoto, na kwa wanafunzi wenyewe, nayo inasema: msituletee mnasihi, tuleteeni bumu kwa wakati. Mtoto asiyekula tangu jana hana tatizo la akili, ana tatizo la chakula. Kumweka kwenye kiti laini na kumfundisha kuvuta pumzi ni kumgeuza mgonjwa ili aliyemnyima asiulizwe. Kuna ukweli mkubwa humo. Kenya ilipobadilisha mfumo wa kugharimia vyuo Mei 2023 na kuwapanga wanafunzi katika madaraja kulingana na uwezo wa familia, maelfu ya nyumba ziliingia kwenye hesabu ambazo hazikujumlika, hadi Mahakama Kuu ikaubatilisha mfumo huo Desemba 2024. Hakuna mnasihi ambaye angemtuliza mzazi aliyepewa daraja lisilo lake. Ningekuwa na fedha ya kufanya jambo moja tu chuoni, huenda ningenunua chakula.

Lakini hoja hiyo ikivutwa hadi mwisho inavunjika, kwa sababu inadhani mwenye kushiba haugui. Utafiti uliofanywa chini ya mradi wa Shirika la Afya Duniani na kutolewa mwaka 2018 uliwauliza wanafunzi wa mwaka wa kwanza karibu 14,000 katika vyuo 19 vya nchi nane, nyingi zikiwa tajiri, Afrika Kusini ikiwa pekee kutoka bara letu. Takriban mmoja kati ya watatu alionyesha dalili za walau ugonjwa mmoja wa akili katika miezi 12 iliyopita. Ubelgiji na Ujerumani hakuna anayesubiri bumu kwa mtindo wetu. Sababu moja ni umri wenyewe. Tafiti za Marekani zilizonukuliwa sana tangu 2005 zinaonyesha kwamba robo tatu ya magonjwa ya akili yanayompata mtu maishani huwa yameshaanza akifika miaka 24. Yaani hata tungevijenga vyuo peponi, umri wa kusoma chuo ndio umri ambao magonjwa haya hubisha hodi. Kisha pale umaskini na ugonjwa vinapokutana, ndipo mnasihi anapohitajika zaidi, ila awe mnasihi mwenye meno: ambaye barua yake inaweza kuahirisha mtihani, kumsogezea mtu mwaka bila kumfuta, au kumvusha hadi kwa daktari. Mnasihi wa maneno matupu, hapo naafiki, ni mapambo.

Basi tuongeze wanasihi? Wengi wakifika hapa hutaja uwiano. Chombo cha Marekani kinachotoa ithibati kwa vituo vya unasihi vyuoni kinapendekeza mnasihi mmoja kwa wanafunzi 1,000 hadi 1,500. Kwa vyuo vyetu vikubwa hiyo ni ndoto, na hata ingekuwa hesabu ya karibu, Wamarekani wenyewe wanatupa sababu mbili za kutoikimbilia. Kwanza, mahitaji hayana dari. Kituo cha Penn State kinachokusanya takwimu za vyuo vingi kilionyesha kwamba kati ya 2009 na 2015 wanaotumia huduma hizo waliongezeka kwa asilimia 30 hadi 40, ilhali idadi ya wanafunzi iliongezeka kwa asilimia 5 tu. Pili, na hili ndilo linalonihusu zaidi, wingi wa wanasihi haukuzuia kilichotokea Chuo Kikuu cha Oregon. Huko mwanafunzi mmoja alikishtaki chuo kwa namna kilivyoshughulikia madai yake ya kubakwa, na mawakili wa chuo wakalichukua faili lake la unasihi kutoka kituo cha chuo hichohicho. Wafanyakazi wa kituo walipinga hadharani. Chuo kile kilikuwa na wanasihi, majengo na bajeti, na bado siku chuo kilipogeuka mshtakiwa, kiliingiza mkono kabatini kwa sababu kabati lilikuwa lake.

Ukishaliona hilo huwezi kuacha kuwafikiria mabinti wetu. Mwaka 2020 Takukuru ilitoa matokeo ya utafiti wake kuhusu rushwa ya ngono katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na Chuo Kikuu cha Dodoma. Kwamba taasisi ya kupambana na rushwa iliona haja ya kwenda kulichunguza jambo hilo kwenye vyuo viwili vikubwa kuliko vyote vya umma kunatosha kutufumbua macho. Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007 ina kifungu cha 25 kinacholifanya kuwa kosa. Sasa chukua msichana ambaye mhadhiri anamshikia maksi. Hapati usingizi, anatetemeka, ameanza kukwepa vipindi. Mwenye kumtazama kwa nje ataona utoro na maksi zilizoporomoka, na mfumo utampeleka kwa Mshauri wa Wanafunzi kama mtoro. Hapo tunamtaka aeleze kila kitu kwa ofisa ambaye siku ya Jumatano hukaa meza moja na mhadhiri yule kwenye kikao. Hatasema. Atajibu kwamba anaumwa tumbo, na kwenye takwimu za chuo ataingia kama mwanafunzi asiyejituma.

Kuna wanaopendekeza tuwaache wataalamu, tuwatumie wenzao. Hapa ushahidi wa Afrika ni mzuri, hata kuliko wa nje. Dixon Chibanda, daktari wa Zimbabwe, alianza mwaka 2006 na bibi 14 wa mtaa wa Mbare, Harare, wakikaa na watu kwenye benchi na kuwasikiliza, na jaribio lililochapishwa mwaka 2016 lilionyesha kwamba waliohudumiwa na bibi hao walipona vizuri kuliko waliopata huduma ya kawaida iliyoboreshwa. Bibi wale hawakutumia neno la kitabuni. Walitumia neno la Kishona, kufungisisa, kuwaza kupita kiasi, ndugu yake "mawazo" yetu. Kenya nayo ina shirika la Shamiri, ilikoonekana kwamba vijana waliomaliza sekondari juzi tu, wakipewa mafunzo mafupi, wanaweza kuendesha vikao vinne vya makundi shuleni na kupunguza dalili za sonona na wasiwasi kwa wadogo zao. Hayo yalichapishwa mwaka 2021. Nauamini mkondo huu. Ila ninaposikia chuo kinatangaza "wanasihi rika", swali langu ni lilelile. Bibi wa Mbare hana mamlaka yoyote juu ya anayemsikiliza. Mnasihi rika wa hosteli anaishi chumba cha pili, ana grupu la WhatsApp la watu 200, na mara nyingi ameteuliwa na kulipwa posho na ofisi ileile. Akisikia jambo zito ataambiwa aliandike na alipeleke juu. Kule juu ni wapi?

Watumishi wa dini nimewaacha makusudi hadi hapa, kwa sababu wao ndio wanasihi wakuu wa vyuo vyetu na hakuna takwimu inayowahesabu. Mwanafunzi mwenye mawazo atakwenda kwanza kwenye feloshipu, au kwa imamu wa msikiti wa kampasi, au atampigia simu mtumishi wa kanisa la nyumbani. Wataalamu hupenda kulisema hili kwa masikitiko, kana kwamba ni ujinga. Mimi naona ni chaguo lenye akili. Sheikh hawezi kukudisko. Mchungaji hana mhuri wa kukufukuza hosteli. Wakati mwingine huchelewesha mgonjwa kwa kumkemea pepo ambaye hayupo, na hilo limeumiza watu, lakini wana kitu ambacho ofisi ya chuo haina, na badala ya kuwacheka ingefaa tukiibe.

Hatimaye turudi mahakamani, maana sheria ndiyo paa la nyumba hii yote. Tanzania bado ina kifungu cha 217 cha Kanuni ya Adhabu kinachosema kujaribu kujiua ni kosa. Tulikirithi kutoka kwa Mwingereza. Na Mwingereza mwenyewe alilifuta kosa hilo kwake Agosti 1961, miezi michache kabla Tanganyika haijapandisha bendera yake tarehe 9 Desemba. Mwaka huohuo, Oktoba, chuo kikuu chetu cha kwanza kilifungua milango katika jengo la TANU mtaa wa Lumumba, kikianza na wanafunzi wachache wa sheria. Kwa hiyo chuo kikuu cha nchi hii hakijawahi kuishi hata siku moja bila kifungu hicho. Ni kweli watu hawashtakiwi kila siku. Wakili atakwambia kifungu kimelala. Lakini mnasihi analazimika kukijua, muuguzi wa zahanati ya chuo anajua habari ya kupeleka taarifa polisi, na mwanafunzi ameshasikia stori ya fulani aliyeamkia hospitali akiwa na askari pembeni ya kitanda. Shirika la Afya Duniani linasema kujiua kulichukua watu wapatao 727,000 duniani mwaka 2021, na katika umri wa miaka 15 hadi 29 ni sababu ya tatu ya vifo. Huo ndio umri wa wanachuo, na sisi tumeamua kwamba sentensi ya kwanza ambayo mmoja wao anapaswa kuitamka ili asaidiwe iwe ni kukiri kosa.

Wakuu wa vyuo wana jibu, na si la kupuuzwa. Wanasema: mtoto akifa hosteli, ni sisi tunaompigia simu baba yake. Tunahitaji kujua nani yuko hatarini. Mkitufungia faili, mtatulaumu kwa lipi? Ni hofu ya haki. Lakini siri ya unasihi haijawahi kuwa ya kufunika kila kitu, popote. Mnasihi yeyote aliyefunzwa humwambia mtu mwanzoni kabisa: yote yatabaki hapa, isipokuwa nikiona maisha yako au ya mwenzako yako hatarini, hapo nitatafuta msaada na nitakuambia ninamtafuta nani. Mpaka huo ukisemwa wazi, watu wanasema. Wanachokwepa ni mpaka usiojulikana, ambapo ukimweleza mtu kwamba huna hamu ya kuishi, au umekosa ada, au umetoa mimba, yote huenda kwenye faili moja la bluu lenye namba yako ya usajili. Na mkuu wa chuo anayedhani kwamba kumiliki faili kunamwezesha kujua, ajiulize ni mara ngapi msiba umetokea na faili lilikuwa tupu.

Marekebisho yenyewe ni ya bei nafuu kuliko wanasihi mia. Unasihi utoke kwa Mshauri wa Wanafunzi uhamie zahanati ya chuo, ambako mtu anaweza kuonekana kwenye foleni bila mwenzake kujua kama ana malaria au mawazo. Mnasihi asiwe mjumbe wala shahidi wa kamati ya nidhamu. Barua yake ya kuomba mtihani uahirishwe iseme tu kwamba mwanafunzi hayuko katika hali ya kufanya mtihani, na rasi wa ndaki asiwe na ruhusa ya kuuliza kwa nini. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 tayari inaziweka taarifa za afya miongoni mwa taarifa nyeti, hivyo chuo hakihitaji kusubiri Bunge ili kulifungia kabati. Tume ya Vyuo Vikuu (TCU), inapokwenda kukagua vyuo, iongeze swali moja: kabati la unasihi, ufunguo anao nani? Kifungu cha 217 ni kazi ya Bunge, au ya mahakama kama ilivyokuwa Nairobi, na wanasheria waliotoka katika kitivo kile cha 1961 wapo wengi.

Muhula mpya unapokaribia, kila aliyechaguliwa hupakua maelekezo ya kujiunga, na ndani yake mna fomu ya uchunguzi wa afya ya kujazwa hospitali ya wilaya. Baada ya kifua kikuu na kifafa huja swali kama umewahi kuugua ugonjwa wa akili, na visanduku viwili. Nimeziona fomu hizo zikijazwa. Kijana hushika kalamu akasita kidogo, mama aliyekaa pembeni anaweka kidole kwenye kisanduku cha Hapana, na muuguzi anagonga mhuri bila kuinua macho.